Hita ya gesi: ifungwe wapi, na mtungi uwe wa kilo ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, huku Njombe baridi ya Juni na Julai inawatesa watoto wakati wa kuoga, na umeme wetu hukatika mara kwa mara. Nimekusudia kununua hita ya gesi isiyo na tangi. Bafu letu lina kidirisha kidogo, simtanki iko juu ya mnara wa mita 3, na mtungi tulionao ni wa kilo 6. Fundi anashauri hita ya lita 6 ifungwe ndani ya bafu ili bomba liwe fupi. Je, nimfuate? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ndugu msomaji, katika suala la kuifunga ndani ya bafu, nakusihi usimfuate. Gesi inapoungua hula oksijeni ya chumba, na oksijeni ikipungua mwako huanza kutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza anayeoga hadi akaanguka huku walio nje wakidhani bado anajimwagia maji. Kidirisha hakitoshi kuizuia, hasa katika mji ambao kila mtu hufunga madirisha kwa sababu ya baridi. Chagua hita iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje, ifungwe ukutani chini ya paa, mahali pasipopigwa na mvua na palipo mbali na madirisha. Bomba la maji ya moto litarefuka kwa mita chache na utapoteza maji kidogo ya mwanzo. Gharama hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na uhai wa watoto.

Kuhusu ukubwa, lita zinazoandikwa kwenye hita kwa kawaida ni kiasi cha maji ambayo inaweza kuyaongezea nyuzijoto 25 kwa dakika moja. Kwa maji ya Njombe ya mwezi Julai, hita ya lita 6 itamtosha mtu mmoja kwa taabu. Nunua ya lita 10. Ikiwaka kwa nguvu zote, hita hiyo hutumia takriban kilo 1.5 za gesi kwa saa, na hapo ndipo mtungi wako mdogo utakaposhindwa, kwa sababu gesi iliyomo ni kimiminika kinachohitaji joto la nje ili kigeuke mvuke, na asubuhi ya baridi mtungi hutoa jasho, presha hushuka na moto hufifia. Tumia mtungi wa kilo 15, au wa kilo 38 ukiweza, nao ukae nje, wala si shimoni, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa. Kuoga kwa dakika 8 hutumia takriban gramu 130, hivyo mtungi wa kilo 15 utatosha kuoga mara 100 hivi.

Presha ya maji ndiyo inayoniletea shaka zaidi. Hita huruhusu gesi pale tu maji yanapopita kwa nguvu ya kutosha, na mnara wa mita 3 hutoa bar 0.3 pekee, kabla mabomba hayajaipunguza. Tafuta aina inayokubali presha ndogo na utumie bomba pana. Pampu itakuangusha umeme ukikatika.

Unapooga, punguza moto wa hita badala ya kuchanganya maji mengi ya baridi, la sivyo maji yanayopita ndani yake yatapungua na moto utazimika. Mwale wa moto uwe wa buluu. Ukigeuka njano, funga gesi na umwite fundi aisafishe hita kabla mtu mwingine hajaoga. Maungio ya mpira na rejuleta yapakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, na mapovu yakivimba, gesi inavuja, usiiwashe hita.