Daraja la Jinja: kwa nini nyaya ziko katikati tu?

SWALI: Mhariri, naendesha lori Mombasa hadi Kampala. Zamani tulivuka Nile juu ya bwawa. Daraja jipya la Jinja limeshikwa na nyaya katikati tu, pembeni hakuna kitu. Upande wenye lori zito haulali?

JIBU: Haulali, ndugu dereva, na hapo ndipo ninapowavulia kofia waliolibuni. Chini ya lami kuna sanduku refu la zege, lenye uwazi ndani, lililokazwa kwa nyaya za chuma. Sanduku la namna hiyo ni gumu sana kusokoteka. Uzito ukiwa upande mmoja, linaufikisha katikati, nyaya zile unazoziona juu zinaupokea na kuupandisha kwenye minara miwili yenye umbo la Y iliyopinduliwa. Daraja zima ni mita 525. Kati ya mnara na mnara ni mita 290, bila nguzo hata moja. Lilifunguliwa Oktoba 2018, sehemu kubwa ya fedha ikiwa mkopo wa Japani.

Ile njia yako ya zamani, juu ya bwawa la Owen Falls, ni ya 1954. Bwawa lile kazi yake ni umeme, barabara ilibebeshwa tu mgongoni. Kwa maoni yangu, malori ya leo yalistahili kuondolewa pale mapema zaidi.