Kansa ya matiti na maneno tunayoambiwa mtaani

Jamani wadada na wamama, leo naomba niongee kuhusu kansa ya matiti, maana tangu mama mdogo aanze matibabu pale Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, nimesikia maneno mengi mno, kwa majirani, kwenye magrupu, mpaka ndani ya daladala, na mengine yanaua watu kabisa.

Lile la kuweka hela na simu kwenye sidiria nalipita haraka. Hela haileti kansa, sidiria ya kubana haileti, na dawa ya kupaka kwapani nayo hamna ushahidi wowote wa maana. Sawa, anayeamini hivyo hadhuriki sana. Yanayoniumiza roho ni yale yanayomkalisha mtu nyumbani na uvimbe wake.

Mfano hili la "kama hakiumi sio kitu". Kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa. Mama mdogo alikigusa akiwa anaoga, kinundu kigumu, akikibonyeza hasikii chochote, basi huyu anamwambia ni chango atafutiwe magome, yule anamwambia ni maziwa yameganda akande na maji ya moto, wakati mtoto wake wa mwisho yuko sekondari! Na sio uvimbe tu, chuchu ikianza kuingia ndani au kutoa damu, ngozi ikiwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, tezi kwapani, vyote hivyo ni vya kwenda kuonyesha. Vinundu vingi vya kwenye titi sio kansa, ila kwa kushika tu huwezi kujua, wala mimi siwezi kukwambia, mpaka upimwe.

Sasa kuna hili kubwa kuliko yote, kwamba kansa haitaki kuguswa na chuma, ukishachomwa sindano au kupigwa kisu inasambaa. Naelewa linatoka wapi. Wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, yani umeshakua sana au umeshatembea mwilini, mtu anafanyiwa operesheni halafu anafariki, mtaani wanasema kisu ndo kimemuua. Kilichomuua ni ile miezi ya kukaa nayo.

Mimi niliingia na mama mdogo siku anatolewa kinyama cha kupima. Wanamchoma kwanza ya ganzi, hiyo ndo inauma kidogo, halafu sindano nene zaidi inaingia, inatoa mlio "ta!" hivi, inatoka na kinyama chembamba kama uzi, kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye dawa, wanarudia tena mara kadhaa, wanabandika plasta, mnarudi nyumbani. Bila hicho kinyama daktari hajui atibu nini, maana kuna kansa inayolishwa na homoni na kuna isiyolishwa, ya homoni mgonjwa anaweza kupewa vidonge kama tamoxifen anameza miaka 5 hadi 10, na kwa ambayo sio ya homoni vidonge hivyo havisaidii kitu. Kwa hiyo anayekwambia usikubali kuchukuliwa kinyama anakunyima matibabu yenyewe.

Halafu "kwenye ukoo wetu haipo". Kansa za matiti za kurithi ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100, waliobaki wote hawajarithi. Na kama ni ya kurithi, inaweza kupitia hata upande wa baba. Wanaume nao wanaugua, wachache, kama mmoja kwenye kila wagonjwa 100 wa kansa ya matiti, kwa hiyo baba mwenye kinundu nyuma ya chuchu asione aibu. Kunyonyesha kunapunguza hatari ila hakuiondoi, na umri mdogo sio kinga, huku kwetu wengi wanaugua kabla hata ya miaka 50.

Jiangalie siku chache baada ya hedhi kuisha, matiti yakiwa laini. Ukikuta kitu nenda, ukiambiwa "subiri tuone" halafu bado kipo, rudi, omba ultrasaundi, omba barua ya rufaa, usione haya kung'ang'ania. Walio mbali na Dar, hospitali za Bugando Mwanza na KCMC Moshi nazo zinatibu kansa. Na majibu ya maabara omba nakala uweke kwenye faili lako, kila daktari mpya atakayekuona ataanza na hiyo karatasi.