Jibu: Hobbes na Locke hawasemi kitu kimoja

Ndugu, umeuliza kwa nini wanafalsafa Waingereza Thomas Hobbes na John Locke wanatenganishwa ilhali wote wanaeleza mkataba wa kijamii, yaani wazo kwamba serikali hutokana na makubaliano ya watu. Angalia kila mmoja anamkabidhi mtawala nini.

Hobbes alitoa kitabu chake Leviathan mwaka 1651, miaka miwili baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa, Uingereza ikiwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tazama picha ya mwanzoni mwa kitabu: jitu lenye taji, mkono mmoja upanga, wa pili fimbo ya askofu, na mwili wake umeundwa na watu wadogo wadogo waliomwelekea. Nadharia yake imo humo. Watu wameshakabidhi haki zao, hawawezi kuzidai tena eti kwa kuwa mtawala ni mbaya. Kimebaki kimoja, na wengi hukiruka: ukipelekwa kuuawa, una haki ya kujitetea.

Kwa Locke, aliyechapisha Risala Mbili za Serikali mwaka 1689 bila kuweka jina, serikali ni amana. Ikivamia uhai, uhuru na mali, wananchi wanaweza kuiondoa. Mimi naona Locke ndiye mwenye hoja nzito, ila anza na Hobbes sura ya 13 hadi 18, na 21, kisha Risala ya Pili ya Locke, sura ya 19.