Tovuti ya karakana ya samani: je, nahitaji kanzidata?

SWALI: Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Natengeneza makochi, vitanda na makabati, na wateja wengi wananipata Instagram na WhatsApp. Sasa nataka tovuti yangu mwenyewe. Kijana mmoja ameniambia atanijengea kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, yenye kanzidata (ghala la taarifa za tovuti), ili niwe nabadilisha bei mwenyewe. Mwingine anasema hiyo ni gharama ya bure, kurasa za kawaida za HTML zinatosha. Wote wawili naona wanaijua kazi. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, kwa biashara uliyoieleza, msikilize huyo wa pili. Hoja ya wa kwanza kuhusu bei nayo ina uzito, nitaifikia.

Kwenye tovuti ya HTML, kila ukurasa ni faili lililokwisha kuandikwa na kuwekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti. Mteja akibonyeza, anatumiwa faili hilo jinsi lilivyo. Kwenye WordPress ukurasa haupo mpaka uombwe. Ombi la mteja linaamsha programu ya PHP, programu inaiuliza kanzidata ya MySQL jina la kochi, bei, maelezo na menyu, halafu inaviunganisha vyote kuwa ukurasa ndipo unatumwa. Kazi hiyo inarudiwa kwa kila mgeni, isipokuwa fundi awe ameweka utaratibu wa kutunza kurasa zilizokwisha kuundwa.

Mzunguko huo una faida pale ambapo tovuti inapaswa kukumbuka jambo. Mwenye nyumba ya wageni anauhitaji, kwa sababu chumba kilichochukuliwa na mgeni mmoja kisiuzwe tena kwa mwingine usiku uleule. Mwenye duka la viatu anauhitaji pia, maana namba 42 nyeusi zikiisha, tovuti ijue zimeisha. Wewe kochi lako linaanza kutengenezwa baada ya mteja kuchagua kitambaa na kuacha advansi. Huna stoo ya kuhesabu. Tovuti yako inaonyesha kazi, inataja bei ya kuanzia, na inamleta mteja kwenye simu yako.

Kinachonifanya nisisitize ni matunzo. WordPress yenyewe, mwonekano uliochaguliwa na kila programu jalizi (programu ndogo ya kuiongezea kazi) hutolewa matoleo mapya mara kwa mara, na mengi ni ya kuziba mianya ya usalama. Wadukuzi hawamtafuti mtu wa Keko kwa jina. Wana programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila tovuti yenye toleo la zamani. Fundi akishalipwa na kwenda zake, nani atasasisha? Nimeona tovuti za biashara ndogo zikijazwa matangazo ya kamari, na mwenye biashara anakuja kuambiwa na mteja. Inauma, kwa sababu jina la biashara hujengwa kwa miaka. Kama kijana wa kwanza yuko tayari kuandikiana nawe mkataba wa matunzo, wenye masasisho na nakala rudufu kila mwezi, basi hakuna ubaya kufanya naye kazi. Bila mkataba huo, hapana.

Tuje kwenye bei. Mwambie kijana wa pili asiandike kila ukurasa kwa mkono, atumie programu ya kuzalisha kurasa, kama Hugo au Eleventy. Bidhaa zote na bei zake zinakaa kwenye faili moja. Ukibadilisha mstari mmoja, programu inazalisha upya kurasa zote za HTML na zinapandishwa kwenye seva. Anaweza pia kukuwekea fomu ya kuhariri faili hilo. Kabla hujammalizia malipo, badilisha bei ya kitanda kimoja mbele yake, kwa simu yako. Ukishindwa, kazi haijaisha.

Kwa upande wa oda, chini ya kila picha aweke kitufe cha WhatsApp. Kiungo chake ni https://wa.me/ ikifuatiwa na namba yako inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, kisha ?text= na maneno kama “Naulizia kochi la L la viti sita”. Mteja akibonyeza, ujumbe unakuwa umeshaandikwa, na wewe unajua anatazama kochi lipi kabla hujamjibu. Hapo hakuna kanzidata. Lipa namba nayo iandikwe tu ukurasani. Siku utakapotaka tovuti ithibitishe malipo yenyewe, hapo ndipo utahitaji programu kwenye seva ya kupokea taarifa za mtandao wa simu, na kanzidata ya kuzitunza. Funguo za siri za huduma hiyo zisiwekwe kamwe kwenye HTML, maana mtu yeyote anaweza kufungua msimbo wa ukurasa akazisoma. Na ukianza kuhifadhi majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Kuna jambo ambalo mafundi wote wawili wanaweza kukuangusha: picha. Picha moja kutoka kwenye simu inaweza kufika MB 4. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, na mteja mwenye bando dogo ataondoka kabla hajaona kochi la pili. Zipunguzwe hadi upana wa pikseli 1200 na zihifadhiwe kwa WebP, muundo wa picha wenye uzito mdogo. Mara nyingi picha itashuka chini ya KB 200 na mbao itaonekana vizuri. HTML iliyojaa picha nzito itakuwa nzito kuliko WordPress iliyotunzwa.

Kuhusu mahali pa kuiweka, huduma kama Cloudflare Pages hupokea kurasa za namna hii bure, ukabaki kulipia domeni, yaani jina la tovuti yako, kila mwaka. Domeni hiyo, tuseme ya .co.tz, isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Akukabidhi pia mafaili yote. Tovuti ya HTML unaihamisha kwa kunakili folda. Ya WordPress unahamisha mafaili pamoja na kanzidata, na ukiiacha kanzidata nyuma, maandishi na bei zako zote zimebaki huko.