Maswali ya Wasomaji: Nitaziona Zote Lini? Safari ya Kuzitazama Filamu Zilizowania Oscar

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mtumishi wa umma, mkazi wa Tabata, na mwaka huu nimetimiza miaka arobaini. Nimejiwekea mambo machache ambayo ningependa kuyakamilisha kabla nguvu hazijaniishia, na mojawapo ni kuzitazama filamu zote zilizowahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kipengele cha Filamu Bora, si zile zilizoshinda pekee. Mke wangu anaona ni kazi isiyokwisha. Je, jambo hili linawezekana kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye ajira na watoto, na kama linawezekana, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, linawezekana, lakini sharti kwanza ulirekebishe neno "zote". Katika orodha hiyo imo filamu iitwayo The Patriot, ya mwaka 1928, iliyoongozwa na Ernst Lubitsch, ambayo leo hakuna mtu anayeweza kuitazama kwa ukamilifu kwa sababu nakala yake nzima haijapatikana popote; vilivyosalia ni vipande tu. Hiyo ndiyo filamu pekee iliyowania tuzo ya Filamu Bora ikapotea. Nyingine mbili, East Lynne ya mwaka 1931 na The White Parade ya mwaka 1934, zinatunzwa katika hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na ni vigumu sana kuzipata kwingineko. Kwa hiyo iandike ahadi yako upya, useme kwamba utazitazama filamu zote zinazopatikana. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hukata tamaa mahali pasipostahili: wanaikosa filamu moja, wanajiona wameshindwa, na daftari linafungwa.

Sasa tuihesabu kazi yenyewe. Sherehe ya kwanza ya tuzo hizi ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood, na ugawaji wa tuzo ulichukua takribani dakika 15. Tangu hapo idadi ya filamu zinazoteuliwa imekuwa ikibadilika. Zilifika 12 kwa filamu za mwaka 1934 na za mwaka 1935. Kuanzia zile za mwaka 1944 hadi za mwaka 2008 zilikuwa tano kila mwaka. Na sasa ni kumi. Hadi sherehe ya Machi 2025 zilikuwa zimezidi 600. Ukitazama moja kila wiki utaziona 52 kwa mwaka, lakini kumbuka kwamba kila Januari nyingine kumi zinaongezwa, kwa hiyo hatua halisi unayopiga ni filamu 42 hivi, na safari nzima itakuchukua miaka ipatayo kumi na minne au kumi na mitano. Ukiweza kutazama mbili kwa wiki utamaliza kwa muda usiozidi miaka saba. Mpelekee mke wako hesabu hiyo. Kazi inayomalizika mtu akiwa na miaka hamsini na mitano, kabla hajafikia umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, haiwezi kuitwa kazi isiyokwisha.

Nakuunga mkono kwa dhati katika uamuzi wako wa kuchagua zilizoteuliwa badala ya zilizoshinda. Anayetazama washindi tu anaijua hukumu bila kuisikiliza kesi. Kwa filamu za mwaka 1941 tuzo ilikwenda kwa How Green Was My Valley, na Citizen Kane ya Orson Welles ikashindwa, ingawa ndiyo ambayo wahakiki wa vizazi vilivyofuata wameitaja mara nyingi miongoni mwa filamu bora kuliko zote. Ukizitazama zote mbili, pamoja na nyingine nane zilizoshindanishwa nazo, utaweza kutoa hukumu yako mwenyewe, na hapo ndipo utamu wa zoezi hili ulipo. Hata Akademi inayotoa tuzo hizo imelitambua jambo hili. Mwaka 2025 ilitangaza kanuni mpya kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele chochote mpaka awe amezitazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele hicho. Wewe wa Tabata umejiwekea sharti hilo hilo bila kulazimishwa na mtu.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nakushauri usianzie mwaka 1929 na kuteremka mwaka kwa mwaka. Filamu nyingi za miaka ile ya mwanzo wa sauti zina mwendo mzito, kwa kuwa mitambo ya kunasia sauti ilikuwa mikubwa na waigizaji walilazimika kusimama karibu nayo, na mtu ambaye jicho lake halijazoea picha nyeusi na nyeupe huchoka haraka. Anzia karibu na nyumbani. Wasomaji wengi hawafahamu kwamba ardhi yetu imo katika historia ya tuzo hizi tangu zamani, na ingawa baadhi ya filamu nitakazozitaja ziliwania vipengele vingine, nakusihi uzifanye kuwa lango la kuingilia.

Trader Horn ya mwaka 1931, iliyopigwa picha Afrika Mashariki na Kati, iliwania tuzo ya Filamu Bora. King Solomon's Mines ya mwaka 1950, ambayo nayo picha zake zilipigwa katika nchi kadhaa za ukanda wetu ikiwemo Tanganyika, iliwania Filamu Bora na kushinda tuzo za upigaji picha wa rangi na uhariri. The African Queen ya mwaka 1951, iliyompatia Humphrey Bogart tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, kisa chake kinatokea katika Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na meli ya Kijerumani iliyomo humo imefananishwa na Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Serengeti darf nicht sterben, filamu ya hali halisi ya Bernhard Grzimek, ilishinda Oscar mwaka 1960. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi hiyo ikiendelea, na kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, ambako baba yake naye alizikwa baadaye. Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa picha katika maeneo ya Arusha, iliwania tuzo ya upigaji picha wa rangi. Kisha iko Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, inayohusu biashara ya sangara wa Mwanza, iliyowania tuzo ya filamu bora ya hali halisi mwaka 2006 na kuzua mjadala mkali nchini, hata Rais Jakaya Kikwete akailaumu hadharani.

Zitazame hizo kwa jicho la mwenye nyumba. Katika zile za zamani utamkuta Mwafrika mara nyingi akiwa mbeba mizigo, mwindaji au mtu wa kupiga ngoma nyuma ya kisa cha watu wengine, na nchi yako utaiona ikiwa pori la wanyama lisilo na mji hata mmoja. Hilo lisikufanye uziache. Yaandike unayoyaona, kwa sababu baada ya hapo utakapofika kwenye 12 Years a Slave, iliyoshinda Filamu Bora mwaka 2014 na kumpatia Lupita Nyong'o tuzo ya mwigizaji msaidizi, utakuwa na kipimo chako mwenyewe cha umbali uliokwishapitiwa na ule uliobaki. Vilevile usiikose Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa chuo cha Ujerumani iliyopigwa picha Kenya kwa Kiswahili na Kisomali, ikisimulia jinsi abiria Waislamu wa basi la Mandera walivyowakinga wenzao Wakristo dhidi ya magaidi mwaka 2015. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi mwaka 2018, na huchukua chini ya nusu saa.

Ukishalivuka lango hilo, chukua orodha kwa mafungu ya mwaka mmoja mmoja, ukichagua mwaka wowote unaokuvutia, na usiliache fungu mpaka liishe. Tenga usiku mmoja maalumu wa juma ambao nyumba nzima inaujua. Weka daftari, na kwa kila filamu andika tarehe, jina, mwongozaji na nusu ukurasa wa maoni yako, ukitaja hasa ni ipi katika fungu hilo ungeipigia kura. Filamu zilizo ndefu mno, kama Gone with the Wind inayokaribia saa nne, zigawe kwa siku mbili bila kuona haya. Yenyewe ilipotoka ilionyeshwa kwa mapumziko katikati.

SWALI: Nimesikia kwamba filamu hizi hazifiki katika kumbi zetu, na bando ni ghali. Nitazipata wapi kwa njia halali bila kutumia fedha nyingi? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Dada au kaka wa Mbagala, ni kweli kwamba kumbi za sinema za jijini, kama ule wa Mlimani City, huleta zaidi filamu zenye soko kubwa, lakini kila mwaka katika zile kumi huwa zimo chache za aina hiyo, na ukifuatilia ratiba unaweza kuziona kabla hata hazijateuliwa. Nyingine huingia katika huduma za kulipia mtandaoni kama Netflix. Kwa ubora wa kati, filamu ya saa mbili hutumia takribani GB 1.5, kwa hiyo ni busara kuipakua usiku kwa bando la bei nafuu, au mahali penye intaneti isiyo na kikomo, kisha uitazame baadaye. Wakikubaliana majirani watatu au wanne wakakutana sebuleni kwa mmoja wao, gharama inapungua na mazungumzo yanaongezeka. Ziangalie pia ratiba za vituo vya utamaduni vya Upanga, yaani Alliance Française na Goethe-Institut, ambavyo huonyesha filamu za Ulaya na za Afrika mara kwa mara.

Zile za kale kabisa huhitaji hata kuzilipia. Nchini Marekani filamu hutoka katika ulinzi wa hakimiliki baada ya miaka 95, kwa hiyo Wings, iliyotunukiwa katika sherehe ile ya kwanza ya mwaka 1929, ni mali ya umma huko tangu Januari 2023 na inapatikana bure mtandaoni. Nakala za kuibia zinazouzwa kwenye diski na flashi mitaani sizipendekezi kwa mtu yeyote. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na wasanii wetu wenyewe wameumizwa vya kutosha na wizi huo.

SWALI: Kwa nini tuhangaike na orodha ya Marekani? Je, hakuna orodha ya Kiafrika ambayo mtu anaweza kujiwekea kama lengo? Mwalimu, Kinondoni.

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Ziko, na mimi ningependa kila anayeifuata orodha ya Oscar aifuate na mojawapo ya hizi. FESPACO, tamasha linalofanyika Ouagadougou tangu mwaka 1969, hutoa tuzo kuu iitwayo Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, na orodha ya washindi wake ni fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuimaliza ndani ya mwaka mmoja iwapo atazipata nakala. Jirani zaidi liko Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lenye tuzo ya Jahazi la Dhahabu, ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe. Ugumu wa orodha hizi mbili ni upatikanaji. Filamu nyingi huonyeshwa tamashani na baada ya hapo hazionekani tena kwa miaka, kwa hiyo njia ya uhakika ni kupanda boti kwenda Unguja wakati wa tamasha na kuzitazama zinazoshindana hapo hapo.

Ipo pia orodha ya tatu ambayo ni fupi kuliko zote, nayo ni ya filamu ambazo Tanzania imeziwasilisha kwa Oscar. Katika kipengele cha filamu ya kimataifa kila nchi huruhusiwa kuwasilisha moja tu, na kutoka katika wingi huo huteuliwa tano. Sisi tuliwasilisha Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001, na miongo miwili baadaye tukawasilisha Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Hakuna kati yake iliyofika katika tano za mwisho. Kwa kuwa wewe ni mwalimu, ningeshauri Vuta N'Kuvute uitazame pamoja na wanafunzi wako wakubwa baada ya kukisoma kitabu, kisha muwatafutie filamu tano zilizoteuliwa mwaka huo katika kipengele hicho, wazitazame kwa zamu katika muhula mmoja, na kila mwanafunzi aandike ni ipi kati ya hizo sita angeipa tuzo na kwa sababu gani. Tutumieni insha zao. Tutazichapisha katika safu hii.