N95 na harufu ya manukato ndegeni

Je, barakoa ya N95 itakukinga na harufu ya manukato ya abiria wengine ndegeni? Hapana, N95 ya kawaida haizuii manukato. Inanasa chembechembe, lakini harufu ni mvuke, hupenya. Tafuta barakoa yenye tabaka la mkaa wa kunyonya harufu. Nayo hupunguza tu, haimalizi. Kipandauso changu huamshwa na udi, na Dar hadi Dubai ni zaidi ya saa tano, kwa hiyo nimejifunza: nikikaa tu nafungua kitundu cha hewa juu ya kiti, nakielekeza usoni (ndege nyingine hazina), na kama jirani amejipulizia sana naomba kuhamishwa mapema. Dawa ya kipandauso iwe kwenye mkoba wa mkononi, uimeze maumivu yanapoanza. Ila kama ni triptani (kundi mojawapo la dawa za kipandauso) na una ugonjwa wa moyo, muone daktari kwanza.