Ruth First: maswali ya wasomaji

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu Ruth First, mwandishi wa habari wa Afrika Kusini aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1925 na ambaye baadaye alitambulika kuwa miongoni mwa wanafikra wakubwa wa bara letu.

Ni habari gani iliyomjengea jina?

Ni ile ya Bethal. Mwaka 1947 alifuatana na Kasisi Michael Scott hadi kwenye mashamba ya viazi ya Bethal, mashariki mwa jimbo la Transvaal, ambako vibarua wa Kiafrika walifungiwa makambini usiku, wakavishwa magunia na kuchapwa na wanyapara. Aliyoyaona aliyaandika katika gazeti la The Guardian la Afrika Kusini, si lile la Uingereza. Serikali ililipiga marufuku mwaka 1952, nalo likaendelea kutoka kwa majina mengine.

Je, ni kweli kwamba ndiye aliyeandika Not Yet Uhuru, kitabu cha Oginga Odinga?

Hapana. Kitabu ni cha Odinga mwenyewe, ila Ruth First alishiriki kukihariri kabla hakijatoka mwaka 1967. Aliwahi pia kuhariri hotuba na maandishi ya Mandela.

Alipoingia kufundisha chuo kikuu, aliacha uandishi wa habari?

Kwa maoni yangu hakuuacha hata siku moja. Mwaka 1963 aliwekwa kizuizini siku 117 bila kufikishwa mahakamani, na mwaka uliofuata akaenda uhamishoni London. Huko aliandika kuhusu mapinduzi ya kijeshi barani Afrika, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Durham. Alipohamia Maputo, katika Kituo cha Taaluma za Afrika cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, aliongoza utafiti juu ya Wamsumbiji waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na watafiti wake wakatumwa Inhambane kuwahoji wachimbaji na jamaa zao walioachwa wakilima. Aliyewahi kusoma habari za Bethal hawezi kukosa kuitambua njia ile ile: kumwendea mfanyakazi mahali alipo na kumwuliza yeye kwanza, kabla ya kumwuliza mwajiri wala waziri.

Kwa nini auawe mtu asiyebeba silaha?

Hilo ndilo walilouliza binti zake. Tarehe 17 Agosti 1982 alifungua kifurushi ofisini kwake chuoni, na bomu lililotumwa na polisi wa usalama wa makaburu likamuua. Craig Williamson, jasusi wa polisi hao, aliungama kuhusika kwake na kuomba msamaha wa kisheria kwa Tume ya Ukweli na Maridhiano. Familia ilipinga kwa hoja kwamba aliyeuawa alikuwa msomi, si mpiganaji. Mwaka 2000 Williamson alisamehewa. Naona familia ilikuwa na haki.

Nianze kusoma kipi?

Anza na Black Gold, kitabu cha utafiti ule wa wachimbaji, kilichochapishwa mwaka 1983. Usiziruke kurasa zenye maneno ya wachimbaji wenyewe.